Jumba la Shangazi Flashi

Kwa miaka saba mfululizo, mwanzoni mwa karne hii, familia zisizopungua mia mbili za mtaani kwetu ziliishi katika jumba moja. Lilikuwa jumba jeupe lenye nguzo sita, ngazi za marumaru, maji yanayorushwa juu mbele ya mlango, gari jekundu upande wa kulia na bata maji wawili upande wa kushoto. Familia hizo hazikuwahi kugongana kwenye ngazi wala kugombania pa kuegesha. Mwenye nyumba alikuwa shangazi yangu, na jumba lenyewe lilikaa ndani ya sidii moja iliyokwaruzika, kwenye droo ya juu, chini ya mkasi.

Shangazi Flashi, dada wa baba yangu, hakuanza maisha kama mpiga picha. Alianza kama karani wa kupiga chapa, chini ya mkubwa mmoja aliyependa kusoma barua zake kwa sauti huku akichokonoa meno. Alimvumilia miaka tisa. Siku mkubwa alipomrudishia barua ya kurasa nne aichape upya kwa sababu imekosa nukta moja, shangazi alikaa chini, akachapa nukta ukurasa mzima, akampelekea. "Chagua," akamwambia, na akaenda zake.

Kuna mzee mpiga picha aliyekuwa anapoteza macho. Shangazi akanunua kamera yake, na pamoja na kamera akarithi chumba, kati ya duka la dawa na fundi wa funguo. Ndani kulikuwa na stuli ya plastiki, kioo chenye ufa, na pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Aliyeyachora hakuwahi kuyaona maporomoko. Maji yale yalionekana kama yanapanda. Jina la Flashi alipewa na fundi wa funguo, ambaye alisema taa ya kamera ya mama huyu ni kali, lakini ukishafumbua macho unakutana na ulimi wake, na ulimi hauna swichi.

Mimi nilifika pale katika mwaka wangu wa pili wa chuo kikuu, ambao pia ulikuwa wa mwisho. Chuo na mimi tuliachana bila ugomvi. Hakuna aliyemsihi mwenzake abaki. Baba alinishika mkono, akanipeleka kwa dada yake kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima.

"Mchukue huyu," akasema. "Amesoma mpaka hajui kitu."

"Anajua kompyuta?" shangazi akauliza.

"Anajua kuiwasha."

"Basi ananizidi. Karibu, Profesa."

Profesa nikawa hapo hapo, na ndiyo hiyo mpaka leo. Kuna watu mtaani wananivulia kofia kwa cheo nilichopewa na shangazi yangu kwa kejeli, na mimi sijaona haja ya kuwasahihisha.

Kompyuta ilikuwa imefika wiki iliyotangulia, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama maiti wa heshima. Ilikuja na sidii ya mandhari arobaini: bustani, viwanja vya ndege, madaraja yanayong'aa, na lile jumba. Kazi yangu ilikuwa kukata watu. Shangazi anampiga mteja picha mbele ya maporomoko yanayopanda, mimi namkata kwa kipanya, mzunguko wa kichwa, mabega, viwiko, kisha nampandisha kwenye marumaru. Tatizo langu lilikuwa miguu. Vidole vya miguu vilinishinda kabisa. Kila nilipovikata, mteja alitoka na kwato. Kwa hiyo nikapanda maua, kutoka sidii nyingine. Kila aliyehamia jumba lile alisimama katika maua hadi magotini, na watu wakasifu bustani. Nashuku sehemu kubwa ya sanaa duniani ilianzia hapo, kwa mtu aliyeshindwa na miguu.

Ilikuwa enzi ya kuazima. Siku hizi nikiikumbuka nacheka, halafu nakumbuka na mimi nilikuwemo. Tulivaa suruali zilizoteremka kiasi kwamba kijana alitembea akitumia mkono mmoja, wa pili umeshika mkanda. Tulivaa fulana zenye namba za wachezaji wa michezo ambayo hatukujua hata mpira wake una umbo gani. Mtu aliyenunua wimbo wa simu hakupokea simu. Aliiinua juu, akaiacha iimbe mpaka mwisho, na kama mpigaji alikata tamaa, hakuna hasara, wimbo umesikika. Redioni, watangazaji waliozaliwa barabara ya tatu kutoka kwetu walizungumza kwa pua, kana kwamba wameambukizwa mafua ya ng'ambo. Mashindano ya urembo yalifanyika kila ukumbi wenye milango miwili, na jaji mkuu alikuwa meneja wa duka la magodoro.

Na ikifika saa ya tamthilia, mtaa ulikufa. Sufuria ziliungua. Fundi wa funguo, mtu mzima mwenye wajukuu, aliwafungia wateja nje ili ajue kama yule tajiri atamtambua mchumba wake. Katika tamthilia zile kila mtu alipoteza kumbukumbu, isipokuwa watazamaji, waliokumbuka mpaka jina la mbwa.

Studio ilikuwa tawi letu la enzi hiyo. Tulikuwa na koti moja la suti, tai iliyofungwa tayari na kushonewa mpira, miwani ya jua yenye kioo kimoja kilicholegea, na simu ya mkononi iliyokufa. Simu ile haikuwa na betri, lakini watu wengi waliongea nayo kwa uso wa mambo makubwa. Wateja hawakutoa majina yao pia. Siku moja niliandikisha watu kumi na mmoja wenye jina moja, la msichana wa tamthilia. Kumi walikuwa wanawake. Wa kumi na moja sijui hadi leo alikuwa na shida gani.

Hapo ndipo ulipoanza ukaidi wa shangazi ambao leo nauombea dua. Majina yakiwa hayafai, yeye aliziandika sidii zake kwa jambo aliloliona kwa mteja. Alikuwa na kalamu nyekundu na mwandiko wa karani. "Anayecheka kabla ya taa." "Shingo inayotafuta mtu." "Mume aliyesimama kama amekamatwa." "Dada wawili, mkubwa kanuna." Na alikuwa na sheria moja: picha mbichi haifutwi. Ile ya kwanza, kabla sijaikata, yenye stuli na ndoo na ukuta uliobanduka rangi, ilihifadhiwa milele katika makopo ya biskuti juu ya kabati.

"Shangazi, tunajaza makopo kwa takataka," nilimwambia. "Hakuna mtu atakayerudi kuiulizia ndoo."

"Ya jumba ni ya mteja," akasema. "Mbichi ni yangu na Mungu. Wewe kata watu."

Sasa nifike kwenye kitufe. Katika kompyuta ile kulikuwa na kitufe cha kung'arisha. Nilikibonyeza mara ya kwanza kwa ajili ya bi harusi aliyepigwa picha siku ya mawingu. Akatoka anang'aa kama sinia. Akalia kwa furaha, mama mkwe akalia, wiki iliyofuata wakaja mabibi harusi wanne. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa, nikatia maji na barafu. Nikawa namng'arisha kila mtu. Wabeba mizigo, walimu, wazee wa baraza, wote walitoka pale na sura za maziwa. Sikuwauliza. Sikuona kwamba ni swali. Kwenye mabango, kwenye vipodozi, kwenye tamthilia, kila aliyefanikiwa alikuwa mweupe, na mimi nilidhani nawapa watu zawadi.

Shangazi alisimama nyuma yangu siku moja, akatazama skrini.

"Profesa, huyu anaumwa?"

"Hapana, shangazi. Ndiyo mtindo."

"Mtindo wa ugonjwa gani?"

Lakini foleni ilifika mlango wa duka la dawa, naye akarudi kwenye kamera. Tangu hapo amesema mara nyingi kwamba angenichapa kofi siku ile angeokoa mengi. Nakubaliana naye.

Sitaki hata hivyo kuwa mnafiki wa kuicheka harusi niliyokula pilau yake. Watu walitoka chumba kile wamenyoosha migongo. Nilimwona mchimba mitaro akilivaa koti letu, akajitazama kwenye kioo chenye ufa, kisha akasema taratibu, "Kumbe." Nami nilipata kazi, meza, na mtu aliyenipigia kelele kila asubuhi kwa upendo, wakati ambao nyumbani hakuna aliyejua aniambie nini.

Kisha kila mtu akapata simu yenye kamera, na jumba likahamwa. Siku hizi tunapiga picha za pasipoti na za vitambulisho. Vijana wanaingia, wanaona sampuli za zamani ukutani, wanatuchekea bata maji, halafu wanatoa simu zao, wanabonyeza mara moja, na wanapata pua mpya na masikio ya sungura. Nyani haoni kundule. Shangazi ana miaka sabini na moja, macho yake yanafuata nyayo za yule mzee aliyemuuzia kamera, na hukaa kwenye kiti karibu na mlango akiwasoma wapita njia.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwaka jana, alipoingia binti mmoja amevaa koti jeupe la maabara chini ya sweta. Mimba yake ilikuwa kubwa, ya kukalia nchani mwa kiti. Mkononi alishika picha iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pasipoti au kitambulisho?"

"Hakuna hata kimoja. Nimeona muhuri wenu nyuma ya picha hii."

Akaitoa. Niliitambua kabla haijafika mezani, maana nilikuwa mwenye bustani. Nguzo sita, gari jekundu, bata maji, maua hadi magotini. Katikati amesimama mwanamke mweupe kama mtindi, ameshika shada la maua kubwa kama gunia la mkaa.

"Huyu ni mama yangu," binti akasema. "Alifariki nikiwa na mwaka mmoja na miezi. Sina picha yake nyingine. Hakuna mwenye nyingine."

Shangazi akainamisha kichwa. "Pole, mwanangu."

"Ahsante. Nimelelewa kwa bibi mzaa baba, ambaye hakuwahi kukutana na mama, na picha hii ilitundikwa sebuleni, juu ya televisheni. Mnaniona nilivyo." Alijigusa shavu, alikuwa mweusi wa kiwi ya viatu, mweusi mzuri unaokunywa mwanga. "Binamu zangu walikuwa wakinisimamisha chini ya picha. Wanasema, huyo mama yake nani? Wewe uliokotwa. Wakinitaka nikafue nguo zao wananiita Kiokote. Mpaka nimemaliza shule naitwa Kiokote."

"Na baba yako anasemaje?" shangazi akauliza.

"Baba alihamia mbali, ana familia nyingine. Nikimpigia anasema mama yako alikuwa mzuri. Nikimuuliza mzuri vipi, anasema, we angalia picha."

Nilijikuta nimeshika kipanya bila sababu.

"Nafanya kazi maabara," akaendelea. "Kutwa natazama damu za watu. Nimejiambia miaka mingi kwamba mambo ya sura ni upuuzi. Lakini nitajifungua mwezi ujao. Mtoto akitoka, kila mtu atamtazama amtafute mtu wake. Mume wangu ana mama yake wa kumtafuta. Mimi nitamtafuta nani? Huyu?" Akaweka kidole juu ya mtindi. "Huyu simjui. Nimekuja kuuliza kama ndivyo alivyokuwa. Kama ndivyo, niambieni tu, nijue kweli niliokotwa."

Fundi wa funguo, aliyekuwa ameegemea mlango kusikiliza kama kawaida yake, alipata ghafla kazi ya kufanya dukani kwake.

"Hakuwa hivyo," nikasema. "Hakuna mtu aliyekuwa hivyo. Ni mimi."

Nikamweleza kitufe. Nilieleza vibaya, kwa maneno mengi, kama mtu aliyesoma mpaka hajui kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Na maua haya? Maana nilikuwa najiuliza alipewa na nani. Nilidhani labda baba."

Sikukumbuka. Nilipanda maua mengi enzi hizo.

"Mbichi ipo," shangazi akasema. Alikuwa amesimama, kitu asichofanya siku hizi bila kulalamikia magoti. "Profesa, teremsha makopo."

Makopo yalikuwa matano, sidii mia tatu na ushee, kila moja na mwandiko mwekundu. Na hapo tukaona shimo tulilojichimbia. Jina alilolitoa mama yule, kama alilitoa, lilikuwa la tamthilia. Shangazi aliandika kile alichokiona kwa mteja, na mimi katika picha iliyokamilika nilikuwa nimekifuta kila alichokiona. Rangi nilifuta, makunyanzi nilifuta, mikono nilifunika. Binti hakuwa na la kutusaidia. Alikuwa hajawahi kumwona mama yake akicheka, akitembea, wala akinuna.

Nikaanza kusoma maandishi moja moja kwa sauti. "Anayelamba midomo." "Pacha asiyefanana." "Bwana wa kikohozi." Kopo la kwanza likaisha, la pili likafika nusu. Tulikuwa tunaokota sindano baharini, na bahari yenyewe niliitia mimi.

Shangazi hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anamtazama binti.

"Mwanangu, hebu tazama mkono wako wa kushoto."

Binti akautazama. Mkono ulikuwa umekunjwa ngumi juu ya tumbo, kidole gumba kimejificha ndani ya vidole vingine.

"Aa, hii? Mazoea tu, bibi. Nikisubiri kitu nafanya hivi. Bibi yangu alikuwa ananipiga vikofi, anasema nitaota gumba la kobe."

"Nani alikufundisha?"

"Sijafundishwa."

"Profesa," shangazi akasema, bila kumwondolea macho. "Tafuta anayeficha gumba."

Ilikuwa katika kopo la nne. *Anayeficha gumba.* Na chini yake, kwa mwandiko ule ule: *Irudiwe. Mtoto arudishwe.* Shangazi alikuwa na desturi ya kuweka alama ya vema kwenye kila kazi iliyokamilika. Hapa hapakuwa na vema.

Kompyuta ya zamani bado tunayo. Ilinguruma, ikaimeza sidii, ikaitema, ikaimeza tena. Mara ya tatu shangazi aliipiga kofi ubavuni, lile aliloniwekea mimi miaka ile, ikatulia. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kwa uvivu wa mashine za zama zile. Kwanza maporomoko yanayopanda. Kisha nywele zilizosukwa mistari. Kisha uso.

Alikuwa mweusi. Mweusi wa kiwi. Paji pana, nyusi zilizokaribiana, na pengo dogo kati ya meno, kwa sababu alikuwa anacheka, na alikuwa anacheka kwa sababu kulikuwa na mtoto. Mtoto wa miezi kama kumi na moja, kwenye mkono wa kulia, anajipinda kama samaki, mguu mmoja hewani, ameshika sikio la mama yake na kulivuta kwa nguvu zake zote. Mkono wa kushoto wa mama ulining'inia, ngumi, gumba limejificha. Chini, ndoo yetu, na miguu yake ndani ya kandambili zenye mikanda miwili ya rangi tofauti.

Binti akasogea hatua moja kwenye skrini. Nyuma yake nilisikia mlango wa duka la dawa ukifunguliwa na kufungwa.

Nami nikakumbuka yote. Mtoto alikuwa ametingishika. Vidole vyake vilitoka kama ukungu, mguu kama mkia. Nilijaribu kumkata nikashindwa, na mtu aliyeshindwa na miguu anajua la kufanya. Nikamfunika kwa shada la maua, la kwanza nililolipata, nikalivuta mpaka likawa gunia.

"Alikuja kuichukua asubuhi, mkoba begani," nikasema. "Alikuwa anasafiri. Akaitazama, akaniuliza, kaka, mwanangu yuko wapi? Nikamwambia ametingishika. Akasema, sasa mtoto asiyetingishika wa nini? Akacheka. Akasema hawezi kusubiri, anaichukua hivyo hivyo, akirudi nimtolee nyingine yenye mtoto wake. Shangazi akaandika."

"Hakurudi," shangazi akasema.

"Aliugua huko huko," binti akasema. Alikuwa amesogea karibu na skrini mpaka pumzi yake ikaacha ukungu juu ya kioo. Akaufuta kwa kiganja. Akagusa nyusi za mama yake, kisha zake. "Hili pengo na mimi nilikuwa nalo. Bibi alinipeleka kwa daktari wa meno likazibwa."

Kisha akamtazama mtoto, yule samaki.

"Kwa hiyo maua ni mimi."

"Ni wewe," nikasema. "Nisamehe. Nilikuondoa kwa mama yako kwa sababu ya uvivu, nikampaka maziwa kwa sababu ya ushamba, na nilidhani nimefanya kazi nzuri."

Akaigusa ile picha ya mtindi, mahali penye maua. "Kaka, miaka ishirini binamu zangu wananiuliza huyo ni mama wa nani, kumbe nilikuwa kwenye picha wakati wote. Nimefunikwa tu." Na akacheka, akishika tumbo, na pengo lililozibwa halikuweza kukificha kicheko chenyewe. Kilikuwa kile kile cha kwenye skrini.

Shangazi akajifuta macho kwa pindo la shati langu, maana lilikuwa karibu. "Profesa, mtolee picha yake. Hiyo hiyo mbichi, kubwa, ya fremu."

Nikaanza kuiandaa printa, lakini binti akainua mkono.

"Bibi, ngoja. Hili jumba alilichagua nani? Nyie au yeye?"

Shangazi akafikiri. "Mandhari anachagua mteja. Siku zote. Tulikuwa na arobaini."

"Basi yeye alilitaka." Akaitazama picha ya zamani, ile ya mtindi, kisha ile mbichi. "Siku ile alivaa vizuri, akaniogesha, akaja hapa, akachagua nyumba ya kukaa na mimi. Siwezi kumtoa. Nitachukua hii mbichi, nashukuru. Lakini na ile aliyoiagiza naitaka. Na jumba lake. Rangi yake. Na mimi mkononi."

Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kulicheka jumba lile. Nilishalitungia maneno makali kuhusu ujinga wa enzi, na karibu yote ni ya kweli. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililokuwa na mahali pa kumweka mwanamke aliyemwogesha mtoto wake na kuchagua, katika mandhari arobaini, mahali penye maji.

Nikavuta stuli. Nilimkata mama kwa dakika ishirini. Mtoto alinichukua asubuhi iliyobaki na sehemu ya mchana. Binti alipiga simu kazini akasema amechelewa. Shangazi alimchemshia chai, wakakaa mlangoni wakijadili watu wanaopita. Nilikata kila kidole. Nilikata ule mguu wa hewani na ukungu wake wote, nikauacha uwe ukungu, maana mtoto asiyetingishika wa nini. Kitufe cha kung'arisha sikukigusa. Nilipowashusha kwenye ngazi za marumaru, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye sidii ya maua.

"Profesa," shangazi akasema kutoka mlangoni. Macho hayaoni, lakini ndivyo alivyo.

"Naam, shangazi."

"Miguu ionekane."

Nikaikata miguu. Vidole kumi, visigino, kandambili mbili zenye mikanda ya rangi tofauti, zimekanyaga marumaru kana kwamba marumaru ni ya kwao. Kwato hapakuwa nazo. Bata maji niliwaacha.

Printa ilitoa picha polepole, na binti akaipokea kwa mikono miwili ikiwa bado na joto. Aliitazama mpaka chai yake ikapoa. Gumba lake la kushoto lilikuwa limetoka nje, limelala juu ya ukingo wa karatasi.

Shangazi aliniomba sidii. Akaisogeza karibu na pua, akatafuta mahali kwa kidole, akaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Kisha akamgeukia mteja wake kwa sauti ile ya ukarani anayoitumia kwa kila mtu, awe wa pasipoti au wa kitambulisho.

"Kazi yenu tayari, mwanangu. Mtusamehe kwa kuchelewa."